Gigabaiti Moja ya Kumposea Gatera

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Nimeipata! Nafasi ni yangu. Jumamosi hii, Kanombe, mimi Gakwaya ndiye umukwe mukuru, yaani msemaji wa upande wetu tutakapokwenda kumposea Gatera. Kikao cha familia kimechukua saa tatu na kreti mbili za soda. Shemeji Cyriaque, mume wa dada yangu, alishaanza kukohoa kile kikohozi chake cha kutaka kuombwa. Mwalimu wa Kinyarwanda miaka thelathini, methali zinamtoka hata akipiga mswaki. Nikamwahi. Nikasimama, nikatangaza kwamba nimewahi kuwa msemaji mara nne kule Ngara.

Sijawahi hata mara moja. Huko Tanzania nilikokulia niliwahi kupewa kazi katika harusi moja tu, na kazi yenyewe ilikuwa kulinda jenereta.

Lakini ningefanyaje? Gatera ni mtoto wa marehemu kaka yangu Kagabo. Kaka alinishika mkono pale hospitali, akasema siku ya kumposea mwanangu usimwachie mtu, useme wewe. Nikaitikia. Mkewe, shemeji Mukasine, alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, akasikia. Miaka kumi na moja imepita. Leo kikaoni alinitazama tu, na mimi nikatazama soda.

Shida ni moja. Kinyarwanda changu ni cha sokoni. Naweza kununua viazi, kugombana na mwenye pikipiki na kusali. Umukwe mukuru anatakiwa aseme kile cha ndani, cha ukoo na sifa za ng'ombe wa mahari, na msemaji wa wenyeji amekaa mbele yake anamtega kwa mafumbo. Nisome karatasi? Mwaka jana mmoja alisoma karatasi hapa Remera. Mwenyeji akamuuliza kama amekuja kuoa au kusoma mita ya maji. Mpaka leo anaitwa Mita. Simu je? Herufi zake kama mchanga, na ukishika simu mbele ya wakwe umekwisha.

Dawa ninayo! Ile kompyuta mpakato ndogo niliyonunua Kampala mwaka 2010. Haizidi kitabu cha nyimbo za kanisani. Naiweka mezani nyuma ya maua, herufi kubwa, nasoma huku nimeinua kidevu. Wao wataona busara.

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Nimemwalika Cyriaque mishikaki. Nimemwambia, kwa unyenyekevu wa kutengeneza, kwamba nataka tu kujua siku hizi mambo yanakwendaje, maana Ngara ni zamani. Simu mfukoni, inarekodi. Mtu huyu! Dakika arobaini bila kumeza mate. Sifa za ng'ombe mmoja mmoja. Jinsi ya kuomba. Jinsi ya kujibu ukitegwa. Hata jinsi ya kunyamaza ana maelezo yake.

Halafu akajitolea kuja nyumbani kila jioni tufanye mazoezi. "Shemeji, mimi iko tayari, hakuna tabu. Tutarudia, tutarudia, mpaka inaingia kichwani." Mjanja! Anataka auone udhaifu wangu, Ijumaa aitishe kikao kingine. Nimekataa kwa tabasamu.

Jioni nikaanza kuandika. Nilibonyeza kitufe mke wangu Febronia alipobandika wali. Wali ukaiva, tukala, vyombo vikaoshwa, mashine bado inasema Karibu. Febronia akauliza inamkaribisha nani. Baada ya hapo kila herufi ilitokea kwa wakati wake, kama imekwenda kwanza kuomba ruhusa. Betri ilikufa zamani, inaishi kwa waya. Binti yetu Gaju akapita, akajikwaa kwenye waya, ikazima, tukaanza tena na Karibu.

Kurasa sita zimekamilika. Lakini mfumo huu hautanifikisha Kanombe. Nikisubiri ukurasa wa pili kwa mwendo huu, Uwase, bibi harusi wetu, atazeeka akiwa bado ndani anangoja kuitwa.

Jumanne, tarehe 19 Agosti

Nimekwenda kwa Trinah, fundi wa kompyuta, Remera, ghorofani nyuma ya kituo cha basi. Amekulia Uganda, kwake kila mwanaume mwenye mvi ni anko. Akaigeuza mashine, akasoma mgongoni, akacheka peke yake. "Anko, hii kitu iko na ram gigabaiti moja. Na iko ya biti thelathini na mbili. Iko mzee sana, anko." Nikamwambia uzee si ugonjwa.

Akasema dawa ni kuweka mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, Linux. Ni ya bure, lakini ziko nyingi, nichague nyepesi. Akashauri papo hapo ile yenye alama ya mbwa, kwamba inakaa kwenye flashi, inafanyia kazi ndani ya ram, ile kumbukumbu ya mashine, haigusi diski. Mbwa! Mbele ya wakwe! Nikashukuru, nikaondoka. Ushauri unaotolewa bila hata kujikuna kichwa hauwezi kuwa mzuri.

Nimejisomea mwenyewe mtandaoni. Kuna orodha ya mifumo kumi myepesi iliyo bora. Kuna nyingine ya kumi na tano. Hazifanani hata kidogo, na chini ya kila moja watu wanatukanana. Nimechagua wa kwanza kwa sababu ulikuwa na picha ya mlima na neno "nyepesi." Nyepesi kwa nani? Gigabaiti tatu! Bando la wiki limekwisha kabla ya chakula cha mchana. Simu ikalalamika imejaa. Nikafuta picha za Krismasi, kisha nikafuta na rekodi ya Cyriaque, kwani si nimeshaandika?

Trinah akanihamishia mfumo huo kwenye flashi bila kusema neno. Nyusi zake zilisema.

Saa kumi nikawasha. Skrini nyeusi, mstari mmoja. Kwamba mfumo huu unataka mashine ya biti sitini na nne, na iliyopatikana si hiyo. Basi! Hakuna samahani, hakuna pole. Sijadharauliwa hivi tangu darasa la sita. Na Cyriaque amepiga simu kuuliza maandalizi yanaendeleaje. Nimesema yameiva.

Jumatano, tarehe 20 Agosti

Leo nimepata mwingine, mdogo kabisa, jina lake silikumbuki, mimi nauita Sisimizi. Unakubali biti thelathini na mbili. Nikaanza kusakinisha saa nne asubuhi nyumbani, mlango nimefunga, Gaju nimempiga marufuku kupita karibu na waya.

Ukaniuliza kama nataka kufuta diski yote. Neno "yote" likanipendeza. Mimi si mtu wa nusu nusu. Ukauliza tena kama nina hakika. Maswali ya kitoto! Ndiyo. Dakika ishirini na tano baadaye mashine ikawaka kwa muda wa kumenya kitunguu kimoja. Nilicheza. Nilimwita Febronia aje aone. Akaja na kisu chake mkononi, akatazama, akasifu, halafu akauliza yale maandishi yangu ya juzi yako wapi.

Nikakaa kitandani.

Kurasa sita! Kumbe diski yote maana yake ni diski yote. Na rekodi nilifuta jana kwa mkono wangu mwenyewe.

Febronia amesema Cyriaque anakaa mwendo wa dakika kumi, niende nikamwombe arudie. Nimemwambia bora nife. Amesema sikio la kufa halisikii dawa, akarudi kwenye vitunguu. Sitaki methali nyumbani kwangu wiki hii. Methali zote ninazozihitaji zimefutika.

Jumamosi ni siku tatu. Kaka Kagabo, nisamehe. Leo nimeogopa kwelikweli.

Alhamisi, tarehe 21 Agosti

Sisimizi haina kosa. Hilo ndilo linaloniudhi. Rangi ya kijivu, haina mapambo, unaiambia fanya, inafanya. Lakini nimemsoma mtu mmoja wa Ureno mwenye mashine kama yangu, anaapa kwamba ile ya mbwa inawaka haraka zaidi kwa sekunde kumi na mbili. Sekunde kumi na mbili! Mbele ya wakwe hizo ni uhai.

Nikarudi kwa Trinah. Nikamweleza kwamba baada ya utafiti wangu binafsi nimeona ya mbwa ndiyo inayofaa. Akasema "Sawa, anko," kwa sauti ya muuguzi, akanipa flashi.

Nikawasha. Ikabweka! Kweli kabisa, ilipomaliza kuwaka ikatoa sauti ya mbwa kwenye spika, hau hau, na mbwa wa jirani akaitikia. Lakini mwendo wake! Nimekubali.

Nikaandika upya kwa kumbukumbu. Mwanzo hakuna kitu kilichokuja. Nikatoka uani, nikatembea huku nikiyasema kwa sauti, nikimuiga Cyriaque na mikono yake, ndipo yakaanza kurudi. Jirani alichungulia juu ya ukuta mara mbili. Mpaka saa tisa kurasa sita ziko kamili. Nikahifadhi. Nikaenda kuzima. Mashine ikauliza kama nataka kuhifadhi kipindi. Kipindi gani? Si nimeshahifadhi? Sipendi kuulizwa jambo moja mara mbili katika nyumba yangu. Nikabofya Hapana.

Nimewasha tena kumwonyesha Febronia. Hau hau. Ukurasa mweupe.

Nimempigia Trinah, nimepiga kelele. Akajibu polepole kwamba aliniambia Jumanne: inakaa kwenye ram, haigusi diski, ukizima bila kuhifadhi kipindi kila kitu kinakwenda. Ni kweli alisema haigusi diski. Mimi nilidhani ni sifa.

Ijumaa, tarehe 22 Agosti

Mara ya tatu. Nimechukua saa moja na nusu tu, vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Hakuna ajabu, mashine ni nyepesi. Nimehifadhi maandishi, nimehifadhi kipindi, nimehifadhi kila kilichouliza na ambacho hakikuuliza. Nimezima na kuwasha mara nne. Mara nne imebweka, mara nne kurasa zipo. Herufi ni kubwa kama za bango la duka.

Hiyo sauti nimeshindwa kuipata ilipo niizime. Haidhuru. Inabweka inapowaka tu. Nitaiwasha kabla wageni hawajafika, na haitazimwa. Ekstensheni mita kumi nimeazima kanisani.

Febronia alikuwa anamenya ndizi jikoni. Akaanza kusema ile sehemu ya ng'ombe mwenye pembe kama mwezi, kunitania tu, akakwama katikati. Nikammalizia bila kuinua kichwa. Akaanza nyingine, nikamaliza. Akaacha kisu. "Baba Gaju, wewe si unayajua yote?" Nimemwambia asinichanganye, hizo ni kurasa sita, hakuna mtu anayejua kurasa sita.

Cyriaque amepiga. Anataka kukaa karibu nami kesho, nikikwama anong'oneze. Aonekane ananong'ona! Nimemwambia kiti cha karibu nami kina maua.

Jumamosi, tarehe 23 Agosti

Asubuhi, saa mbili. Suti imepigwa pasi. Febronia anafunga mushanana wake, vazi la sherehe, amependeza sana na nimemwambia. Mashine, waya, flashi, flashi ya pili, ekstensheni. Nimetulia kabisa. Nimesahau soksi, nimerudi.

Jumapili, tarehe 24 Agosti

Aibu!

Mahema mawili yalitazamana katika bustani ya wazazi wa Uwase. Mimi katikati ya upande wetu, meza fupi, maua makubwa, mashine nyuma yake inang'aa, ukurasa wa kwanza. Mbele yangu mzee Nsengiyumva, msemaji wao, mwalimu mkuu mstaafu, fimbo mkononi, macho ya mtu aliyeshika watoto wengi wakiibia mtihani. Nikaanza. Salamu, shukrani, ukoo wetu. Kidevu juu. Nikaona Cyriaque anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikawaza, utakoma.

Katikati ya ukurasa wa pili skrini ikawa nyeusi.

Mama wa chakula alihitaji umeme kwa birika la chai. Aliiona ekstensheni yangu, akachomoa. Nikamtolea Febronia macho. Akateleza nyuma ya hema, akachomeka. Nikabonyeza kitufe, na wakati huo huo ndege ikawa inashuka kwenye uwanja wa ndege wa hapo Kanombe, kelele tupu, watu wote wakanyamaza kuisubiri. Nikamshukuru Mungu. Ndege itafunika kila kitu! Ndege ikapita. Kikaja kimya, kile kimya kizito cha baada ya ndege. Maikrofoni ilikuwa sentimita tano kutoka kwenye spika.

Hau! Hau!

Watu mia mbili wakainama kutazama chini ya meza. Mtoto mmoja akapanda kiti. Mzee Nsengiyumva akajiweka sawa, akauliza kwa upole wa kuua kwamba wao walikuwa wanatarajia ng'ombe, je, upande wa bwana harusi umewaletea mbwa? Bustani nzima ikacheka. Nyuma, mama wa chakula akachomoa tena, maana chai ya wakwe haingoji mtu. Skrini nyeusi. Nikamwona shemeji Mukasine ameshika mdomo.

Hapo sijui nini kilitokea. Nikasikia mdomo wangu unajibu kwamba kwetu, mzee, mbwa hutangulia njiani. Ng'ombe wako nyuma wanakuja. Na kama mbwa ameshafika, basi fungueni zizi.

Makofi! Wanawake vigelegele. Nsengiyumva mwenyewe aligonga fimbo chini. Na mdomo haukukoma. Ukasema kwamba mbwa huyo ni wa kaka yangu Kagabo, aliyechunga ng'ombe wa watu kule Ngara tangu alfajiri ili mimi nivae sare ya shule. Hakuwahi kuwa na ng'ombe wake hata mmoja. Leo mwanawe analeta ng'ombe, na yeye hayupo kuwahesabu, kwa hiyo amenituma mimi. Hayo hayakuwa kwenye kurasa. Nikalia mbele za watu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Halafu zikatoka zile sifa za ng'ombe, ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mpangilio, na Cyriaque akawa anazifuata kwa midomo bila sauti, na yeye machozi yanamtoka. Nsengiyumva akanitega mara tatu. Nikajibu mara tatu. Wakatukabidhi Uwase.

Shemeji Mukasine alikuja kunishika mikono yote miwili. Alisema amemsikia Kagabo. Kisha akaniomba nimwandikie yale maneno ya Kagabo kwenye karatasi, ayaweke katika Biblia yake, na Gatera naye apate. Nimeahidi.

Lakini aibu iko palepale! Wiki nzima ya kazi, na mashine imenisaidia ukurasa mmoja na nusu tu.

Jumatatu, tarehe 25 Agosti

Febronia ana nadharia. Kwamba kuandika mara tatu ndiko kulikoniingiza maneno kichwani, na uani kule nilipokuwa namuiga Cyriaque, na kwamba haya ndiyo mazoezi yaleyale shemeji aliyojitolea kunipa siku ya kwanza, bila umeme. Nimemsikiliza kwa heshima. Mama Gaju hajasoma mambo ya kompyuta. Mimi nimekaa na tatizo hili, nalijua: lilikuwa ni chaguo la mfumo. Kama ningesema vile bila mashine, fikiria ningesema vipi na mashine inayofanya kazi!

Cyriaque alipita asubuhi kunipongeza, ameleta asali. Anasema ningemwambia tu. Ningemwambia nini? Sikumwelewa.

Na habari kubwa: mzee Nsengiyumva amepiga simu! Mwanawe anaposa mwezi wa Desemba, na anataka mimi niwe msemaji wao. Akauliza nina uzoefu gani. Nikamwambia mara tano, nne Ngara na moja Kanombe. Akasema lakini safari hii nije mikono mitupu, mbwa abaki nyumbani. Nimeelewa. Anataka isionekane. Inahitajika ifichwe vizuri zaidi, na isiwe na sauti.

Nimeupata mfumo. Hauko kwenye orodha ya kumi wala ya kumi na tano, watu wachache wanaujua. Megabaiti mia tatu, biti thelathini na mbili, haubweki, na unachapa karatasi vizuri kuliko Sisimizi. Hilo la kuchapa ni muhimu, kwa sababu ya karatasi ya shemeji Mukasine. Jana baada ya misa nilirudi kwenye Sisimizi, nikakaa na kuyaandika maneno yote ya Kagabo kama yalivyotoka, neno kwa neno. Yamechukua ukurasa mmoja. Nililia tena kidogo. Safari hii sikuyaweka kwenye ram. Nimeyahifadhi kwenye diski, mahali salama.

Nimechomeka flashi mpya sasa hivi. Imewaka vizuri, kimya kabisa. Inauliza kama nataka kufuta diski yote. Hili swali nalijua. Jumatano niliulizwa mara mbili, muda ukapotea. Leo nimejibu Ndiyo papo hapo, na ilipouliza kama nina hakika nikajibu Ndiyo kabla haijamaliza.

Inakwenda haraka sana, imefika asilimia arobaini. Ngoja nimpigie shemeji Mukasine nimwambie maneno yake yako tayari, yamebaki kuchapwa tu.